Kinanda cha Korale Kimenyamaza: Musikitupe Bado

Vijana wa korale, musome hii kabla ya kukusanya tena michango ya waamini. Kinanda cha zamani kikikataa kuwaka, watu wanasema mara moja: "Kimekufa, tununue kingine." Mara nyingi iliyokufa njo alimentasio tu, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuupunguza.

Tuchukue Yamaha DX7, iliyotoka Japani mwaka 1983. Alimentasio yake inatoa volti za namna tatu: 5, +15 na -15. Zile 5 zinalisha ubongo wa kinanda. Zile 15 zinalisha upande wa sauti. Basi, kama maandishi hayaonekani hata kidogo, fundi apime kwanza 5. Kama maandishi yanaonekana lakini sauti haitoki, ao inanguruma sawa nyuki ndani ya muzinga, apime 15 na kuangalia kondansateri zilizozeeka.

Nini iliiua? Kinanda cha Amerika kinataka volti 120, cha Japani 100, na ukuta wetu unatoa 220. Mutu anapokea zawadi, anachomeka kwa furaha, moshi! Musome kwanza kibati cha nyuma. Na wale wanaofunga uzi wa shaba mahali pa fizibo iliyoungua, hao wanatafuta kuchoma nyumba. Baba na mama, muwakataze.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye multimetri, hapana ya mutoto mwenye tornavisi. Achomoe waya ukutani, kiisha angoje, juu kondansateri inashika umeme hata kinanda kikiwa kimezimwa. Apime kama imeisha kabisa mbele ya kugusa. Siku hizi iko alimentasio ndogo zinazotoa 5, +15 na -15 pamoja, na nyingi zinakubali umeme wa volti 100 mpaka 240. Kwetu, ambako umeme unapanda na kushuka, hiyo ni faida kubwa. Afunge waya ya udongo kwenye chuma cha kinanda.

Mbele ya kuunga nyaya na ubongo, apime kila moja tena. Akigeuza +15 na -15, anaweza kuharibu upande wa sauti; akitia 15 mahali pa 5, anaweza kuunguza chipu YM21280 na YM21290, zile zinazotengeneza sauti yenyewe. Yamaha haizitengenezi tena. Alimentasio mutapata ingine. Chipu hizo mutazitafuta ndani ya DX7 ingine iliyokufa.

Ile batri ndogo CR2032 iliyosudewa ndani, aiache kwanza. Inashika sauti 32 ambazo mupiga kinanda wenu alizipanga. Kinanda kikiisha kuwaka, sauti ziwekwe katika katrishi, kiisha batri ibadilishwe.