Bakteria rafiki kwa watoto njiti: Kinga isiyokosa hatari

MTOTO anayezaliwa akiwa na umri wa miezi saba huwekwa mahali penye joto, husaidiwa kupumua na hulishwa kwa mrija mwembamba. Hayo huonekana kwa macho. Lisiloonekana ni kundi kubwa la bakteria linaloingia katika utumbo wake tangu siku ya kwanza. Bakteria hao wakiwa wema humlinda; wakiwa wabaya huweza kumuua kabla hajatimiza mwezi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, katika mwaka 2020. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema yaliua watoto wapatao 900,000 mwaka 2019.

Mojawapo ya matatizo hayo ni ugonjwa wa utumbo ambao madaktari huuita kwa kifupi NEC. Ugonjwa huo hushambulia ukuta wa utumbo hadi sehemu yake hufa. Mara nyingi hutokea wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, wakati wazazi wameanza kupata matumaini. Mtoto aliyekuwa akiongezeka uzito vizuri ghafla hushindwa kupokea maziwa, tumbo huvimba na choo hutoka na damu. Utumbo ukitoboka, upasuaji huhitajika haraka, na si wote wanaopona.

Kwa nini njiti ndio huathirika zaidi? Mtoto aliyetimiza miezi yake hupokea bakteria wake wa kwanza kutoka kwa mama: katika njia ya uzazi, katika ngozi na katika maziwa. Njiti wengi huzaliwa kwa upasuaji, hupewa dawa za kuua bakteria mapema na hutenganishwa na mama zao. Bakteria wanaowahi kufika katika utumbo wao mchanga ni wale wa hospitalini.

Mwaka 1899, mtafiti Mfaransa Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris aligundua bakteria wenye umbo la herufi Y katika kinyesi cha watoto wanaonyonya. Leo wanaitwa bifidobakteria. Baadaye ilifahamika kwamba maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria hao. Mama, kwa titi moja, hulisha wawili. Nao bakteria hao hulipa fadhila kwa kutengeneza asidi inayowazuia wadudu waharibifu kushamiri.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la probaiotiki, yaani kumpa mtoto bakteria hai kama nyongeza katika maziwa yake. Matokeo, hata hivyo, hayakufanana. Katika utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2013, watoto 1,099 waligawanywa katika makundi mawili. Waliopewa mchanganyiko wa bakteria wa aina tatu walipata NEC kwa asilimia 2.0, ikilinganishwa na asilimia 4.4 kwa wengine, ingawa vifo havikupungua. Nchini Uingereza, utafiti wa watoto 1,310 uliotumia aina moja tu ya bakteria haukuonyesha tofauti ya maana.

Utafiti huo wa Uingereza ulifichua jambo jingine. Karibu nusu ya watoto ambao hawakupewa bakteria hao walikutwa nao matumboni. Walikuwa wamesambaa wodini, kutoka kitanda hadi kitanda, jambo linaloonyesha jinsi kilicho ndani ya utumbo wa njiti kinavyotegemea mikono inayomhudumia.

Katika jimbo la Odisha nchini India, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalileta furaha kubwa: maambukizi ya damu na vifo, vikihesabiwa pamoja, vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 5.4 kati ya watoto zaidi ya 4,500. Lakini hao walikuwa na kilo mbili au zaidi. Ni makosa kuchukua matokeo hayo na kumpachika mtoto wa gramu 900.

Hatari nayo ipo. Mwaka 2014 njiti mmoja nchini Marekani alifariki dunia baada ya kupewa unga wa probaiotiki uliokuwa na ukungu. Mwaka 2023 alifariki mwingine, na safari hii bakteria wale wale waliokusudiwa kumlinda walikutwa katika damu yake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) ilitoa onyo kali, lakini baadhi ya madaktari walipinga, wakihofia kuwa bila bakteria hao NEC ingeongezeka. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, inasema probaiotiki zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaolishwa maziwa ya binadamu. Huo ni uamuzi wa daktari. Mtindi wa dukani na vidonge vya watu wazima havimhusu kabisa mtoto wa namna hiyo.

Maziwa yenyewe hayana ubishi mkubwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1990 uliohusisha njiti 926 ulikuta NEC ikiwapata waliolishwa maziwa ya kopo pekee mara sita hadi kumi zaidi ya walionyweshwa maziwa ya mama pekee. Ndiyo sababu Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya, kwa watoto ambao mama zao hawawezi kuwanyonyesha.

Ngozi ya mama nayo ina sehemu yake. Utafiti wa WHO katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kati ya kilo moja na 1.8. Waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kwa mtindo wa kangaruu, walifariki kwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 ya waliotengwa kwanza hadi hali zao zitulie. Watafiti wanadhani sababu mojawapo ni kwamba walipokea bakteria wa mama badala ya wale wa wodini. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2021, ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana wazi na haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua cha mama.