Fahamu: Mwindo, hadithi ndefu isiyodaiwa mwisho

Mashabiki wa mwandishi wa riwaya George R. R. Martin wanangoja kitabu kinachofuata cha mfululizo wake tangu 2011, na ubishi ni uleule: hadithi ndefu hivyo ni utajiri au ni kuzungushana tu? Msomaji wa Kilo au Bunia, mashariki mwa Kongo, ana mfano wa karibu zaidi. Kusini kwake, katika misitu ya Walikale, Wanyanga wana utendi wa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliusimulia kwa siku 12, akiimba, akicheza na kutikisa kayamba ya kibuyu, huku mtafiti Daniel Biebuyck na wenzake wakiandika. Kitabu kilitoka 1969.

Mwindo anazaliwa ameshika usinga. Baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni; mtoto anaimba humohumo majini! Baadaye anashuka kuzimu, kisha anapandishwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi, kuadhibiwa kwa kuua joka.

Ila kwa kawaida msimulizi hakuumaliza utendi wote mfululizo. Alichagua kipande, watu wakaitikia, wakamtunza. Kwangu, hapo ndipo riwaya nyingi za juzuu kumi zinapokwama: kipande hakisimami chenyewe. Wala hadithi yenyewe si moja: mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Mwindo, na hayafanani.