Mchezo wa Madaraja: Sisi Wachezaji Twapendekeza

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndiyo maana nami nimeshika kalamu nieleze mchezo mmoja wa kompyuta uitwao Poly Bridge, kisha nitaje mambo ambayo sisi wachezaji tungependa yatiliwe maanani na wanaotunga michezo ya aina hii.

Mchezo huu ulitungwa na kampuni ndogo ya New Zealand iitwayo Dry Cactus. Ulianza kuuzwa mwaka 2015 ukiwa bado unatengenezwa, ukakamilika mwaka 2016. Unaonyeshwa mto au bonde, na gari likingoja ng'ambo hii. Kazi yako ni kujenga daraja kwa mbao, chuma na kamba, bila kupitisha fedha ulizopewa. Ukishamaliza, gari linaanza safari, nawe unashika roho mkononi.

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Kila kipande kina uzito wake, na kila kiungo huzunguka kama bawaba ya mlango. Ukiunga vipande vinne vikafanya mraba mtupu, utalala upande kama kitanda kilicholegea. Lakini ukitia kipande kimoja cha mshazari, mraba unakuwa pembetatu mbili, na unatulia tuli! Pembetatu haigeuki umbo mpaka upande wake mmoja upinde, unyooke au uvunjike. Si hadithi ya mchezo tu. Inua macho uangalie mbao zilizoshikilia paa la bweni lako.

Haya basi, mapendekezo yenyewe.

Kwanza, sheria isigeukegeuke. Daraja ni lilelile, gari ni lilelile, basi na jibu liwe lilelile. Likisimama leo na kuanguka kesho bila kuguswa, mchezaji hajifunzi kitu, anabahatisha tu. Poly Bridge 2 ilipotolewa mwaka 2020, hesabu za fizikia zilitungwa upya ili matokeo yatabirike. Kwa hilo, heko kwao!

Pili, mchezo useme kwa nini kipande kimevunjika. Rangi nyekundu hutuonya kuwa mzigo umezidi. Sawa, lakini je, kipande kinavutwa au kinabanwa? Tofauti hiyo ni kubwa. Kamba huhimili kuvutwa, ila ukiisukuma inakunjika tu. Katika programu ya madaraja aliyoitunga Stephen Ressler wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, kipande kinachobanwa huwa chekundu na kinachovutwa huwa cha buluu. Mwanafunzi akiona hivyo, anajua pa kutia chuma na pa kutia kamba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, daraja lihesabiwe kuwa daraja likibaki limesimama. Katika mchezo wa kwanza, gari likishafika ng'ambo umeshinda, hata kama nyuma yake kila kitu kimeporomoka mtoni. Tunacheka, eti tumeokoa pesa! Mimi napendekeza gari lirudi, kisha lije lori, kisha mto ufurike, na alama zipungue kila ufa unapotokea.

Wapo wenzetu wanaotaka kikomo cha fedha kiondolewe. Hapo nasema la. Ukipewa chuma bila hesabu utajaza bonde lote chuma, na fumbo limekwisha. Tatizo si uchache wa pesa. Tatizo ni kumsifu mjenzi aliyetumia kidogo bila kuuliza kama kazi yake itadumu.

Msomaji mpenzi, usiseme huu ni mchezo tu. Mnamo tarehe 26 Juni 2017, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, kaunti ya Busia, liliporomoka likiwa bado linajengwa. Kwenye kompyuta unabonyeza ukaanza upya. Sigiri hapakuwa na cha kubonyeza. Miongoni mwetu wamo wahandisi wa kesho. Mchezo unaowazoesha kuuliza "litasimama mpaka lini?" utakuwa umewafaa kuliko unaouliza "limegharimu ngapi?" peke yake. Rahisi ghali, walisema wazee, nao hawakukosea.

Nawe kama una pendekezo lako, lilete tujadiliane chamani. Kwaherini!