Ujuzi wa Wafanyakazi ni Mtaji



Wakubwa wa kampuni wakihesabu mali, huhesabu fedha, majengo na mashine. Lakini upo mtaji usioandikwa katika daftari lao, nao ni ujuzi wetu. Fundi wa miaka ishirini husikia mlio wa pampu akajua kuwa beringi inakwisha, akaibadilisha kabla kazi haijasimama. Fundi huyo akiondoka, ujuzi wake huondoka naye.

Tutazame Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali huko Katanga, nchini Kongo. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi. Utawala wa Mobutu ulichota fedha za kampuni, vipuri vikakosekana, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Lakini ujuzi nao ulitawanywa. Baada ya uporaji wa mwaka 1991, wataalamu wengi wa kigeni waliondoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa chuki ya ukabila, na miongoni mwao walikuwa mafundi na makarani wengi wa kampuni hiyo. Mashine zilibaki, waliozijua wakapanda treni. Mwaka 2003 wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia.

Kwa hiyo, katika mkataba wa pamoja tudai mambo matatu. Kwanza, kila fundi anayekaribia kustaafu apewe mwanagenzi, na alipwe nyongeza kwa kumfundisha. Pili, mafunzo yafanyike saa za kazi, na anayefaulu apandishwe daraja la mshahara. Tatu, kampuni ikitaka kupunguza watu, kwanza ieleze kamati ya chama ni nani atakayebaki anaijua kila kazi.

Nasi tusiwafiche vijana ujuzi kwa kuogopa watatupokonya nafasi, wala tusikubali kugawanywa kwa makabila. Na mwajiri akisema hana fedha za mafunzo, tumwulize: pampu ikisimama wiki nzima kwa kukosa fundi, hasara hiyo ataiandika katika daftari gani?