Kabla Parokia Haijanunua Kamera



Katika robo mwaka hii tumepokea kutoka kamati za parokia, za upande wa Geita na za Shinyanga vijijini, maombi yanayofanana. Kila kamati inaomba kuidhinishiwa fedha za kununua kamera ya kidijitali aina ya DSLR, ili ripoti za miradi ziende kwa wafadhili zikiwa na picha zinazoeleweka. Ombi mojawapo lilikuwa na ankara ya dukani iliyoambatishwa. Ilionyesha kamera ya bei ya juu kuliko zote zilizokuwa kwenye duka hilo, pamoja na lenzi moja iliyokuja nayo ndani ya boksi, basi. Hapakuwa na betri ya pili, wala begi, wala kadi ya kumbukumbu. Tulilirudisha ombi hilo, na mwenyekiti wa kamati akatuuliza, kwa haki kabisa, tumeona kasoro gani. Tumeona vema kumjibu hapa ili na wengine wasome, maana kosa hilo hata sisi ofisini tulikwisha kulifanya.

Tuanze na kamera yenyewe. DSLR ina kioo kidogo ndani yake, kinachopeleka juu mwanga unaopita kwenye lenzi, hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Mpiga picha anaona kile kile ambacho lenzi inakiona. Akibonyeza, kioo huinuka, pazia linaloitwa shata hufunguka, na mwanga huangukia kwenye kihisi, yaani kile kibati kilichochukua nafasi ya filamu. Faida yake kubwa ni kwamba lenzi hutoka, ukaweka nyingine kulingana na kazi.

Zamani kamera hizi zilikuwa za magazeti makubwa na watu wenye uwezo. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa EOS 300D, ambayo bodi yake (kamera tupu bila lenzi) iliuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani, na tangu hapo watu wa kawaida wakaanza kuzipata. Leo mambo yamegeuka tena. Canon na Nikon zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na baada ya mwaka 2020 hazikuleta DSLR mpya. Wako wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo DSLR haifai tena kununuliwa. Sisi tunaona kinyume chake. Wapiga picha wa harusi na wa studio wanauza za zamani ili wahamie kwenye mpya, na lenzi zake zimejaa sokoni. Kwa parokia yenye mfuko mdogo, huu ni wakati mzuri wa kununua iliyotumika.

Kwanza, picha za nini?

Kamati ijiulize swali hili kabla ya kufika dukani. Kama picha zenu ni za semina chini ya mwembe, kukabidhi mbuzi, au kitalu cha miche saa nne asubuhi, simu nzuri ya katibu inatosha, na fedha hizo zinunue mbuzi wengine wawili. Tunasema hivyo bila mzaha. Mwaka jana tulichapa katika jarida hili picha za simu, na hakuna msomaji aliyelalamika.

Hata picha za mazingira hazidai kifaa kikubwa. Wazee wetu wa Shinyanga wanakumbuka mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 na kurudisha ngitili katika vijiji vingi, hata ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Mtu aliyezaliwa juzi akiona miti ile anadhani ilikuwapo siku zote. Kinachomwonyesha mabadiliko ni picha mbili zilizopigwa kutoka mahali pamoja, kwa kimo kimoja, katika mwezi ule ule wa mwaka, zikiwa zimepishana miaka kumi. Hapo kinachotakiwa ni jiwe la alama pa kusimama na daftari la kuandika namba ya lenzi uliyotumia. Lenzi ya kawaida inayokuja kwenye boksi, ile ya 18-55, inafanya kazi hiyo vizuri.

Simu hushindwa mahali penye giza, na mahali ambapo huwezi kusogea karibu. Katika eneo letu sehemu za namna hiyo ni nyingi: mkesha wa Pasaka wakati kanisa lina mishumaa tu, darasa lenye dirisha moja, chumba cha mjane anayetembelewa na wanajumuiya, au karasha la kusagia mawe ya dhahabu ambapo usalama unakutaka usimame mbali. Kama kazi zenu ziko huko, endeleeni kusoma.

Fedha ziende kwenye mwanga

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli. Ukurasa mzima wa A4 uliochapwa vizuri unahitaji kama megapikseli 9, na kalenda ya ukubwa wa A3 kama 17. DSLR nyingi za kuanzia mwaka 2013 zina 18 au 24. Suala hilo limekwisha.

Suala ambalo halijaisha ni lenzi. Kwenye lenzi ya boksi mmeona maandishi f/3.5-5.6. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukiivuta lenzi hiyo hadi mwisho inabaki f/5.6. Lenzi isiyovutika ya milimita 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga takribani mara kumi zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo tofauti ya kupata uso wa mwanakwaya ukionekana vema na kupata kivuli kinachotikisika. Canon na Nikon zote zinayo, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika orodha zao.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kamera za bei yetu zina kihisi kidogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo lenzi ya 50 huona eneo jembamba, kana kwamba ni ya 75 au 80. Kanisani inafaa sana. Katika chumba cha mjane utajikuta umegandamiza mgongo ukutani na bado nusu ya familia haimo. Kwa vyumba vidogo tunapendekeza ya 35 yenye f/1.8 kwa wenye Nikon, au ya 24 yenye f/2.8 kwa wenye Canon.

Wanaochagua Nikon waangalie pia kwamba bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya kulenga ndani yake. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga vizuri na kupiga picha, lakini utalenga kwa mkono. Tafuteni zilizoandikwa AF-S au AF-P, na kwa AF-P mwulizeni muuzaji awaonyeshe ikifanya kazi kwenye bodi yenu, kwa sababu baadhi ya bodi za zamani hazielewani nayo.

Vilevile, jua letu la saa sita ni kali na nyuso zetu ni nyeusi. Mtu aliyevaa shati jeupe mbele ya anga jeupe huifanya kamera idhani kuna mwanga mno, na uso unatoka kama mkaa. Hakuna kamera ya gharama yoyote inayoponya hilo yenyewe. Msogezeni mtu kivulini, au tumieni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kuongeza mwanga hatua moja. Mpiga picha wenu afundishwe hili siku ya kwanza.

Vumbi

Hapa tunaungama. Kamera yetu ya kwanza ilikuwa ya gharama, na miezi mitatu baada ya kuinunua tulikwenda nayo kwenye mialo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, kiangazi, kupiga picha za mafunzo ya kupunguza madhara ya zebaki. Mwenzetu mmoja alibadilisha lenzi akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye karasha linalosaga. Tangu siku hiyo kila picha yenye anga ilikuwa na madoa meusi, mahali pale pale. Kusafisha kihisi kulitugharimu safari na fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti yoyote.

Mawe yanayosagwa kule yana kwatzi nyingi, na vumbi la kwatzi ni gumu kuliko kioo cha lenzi. Ukilipangusa kwa pindo la shati, unalipiga msasa. Pulizeni kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha ndipo mtumie kitambaa laini. Msipulize kwa mdomo, mate huingia. Lenzi ichaguliwe na kufungwa nyumbani au ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa, na isitoke hadi mmerudi. Kioo cha kinga cha kufunga mbele ya lenzi kinauzwa kwa bei ndogo, na afadhali kikwaruzike hicho.

Kwa ajili ya vumbi hilo tunapendelea bodi yenye mfumo wa kutikisa kihisi. Nikon D5300 na Canon 700D, zote za mwaka 2013, wanao. Nikon D3500 ya mwaka 2018, ingawa ni mpya zaidi, haina. Hizo mbili za kwanza zina pia tundu la kuchomeka maikrofoni kwa wanaorekodi ushuhuda, na D3500 haina hilo pia. Sifa yake ni betri: kwa kipimo cha kiwandani chaji moja inafikisha picha 1,550, jambo la maana kwa kigango kisicho na umeme.

Mtu aliye mbele ya lenzi

Wafadhili wetu wapendwa, sehemu hii ni yenu pia. Kanda hii imeumizwa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kusikika sana kuanzia mwaka 2007, na Februari 2015 mtoto mchanga mwenye ualbino alitekwa Geita na kuuawa. Vikongwe nao wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Picha inayoonyesha uso wa mtoto na jina la kijiji ni ramani mikononi mwa mtu mbaya.

Hili linahusu uchaguzi wa kamera moja kwa moja. D5300 tuliyoisifu hapo juu ina GPS ndani yake. Ikiwashwa, huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa. Kamera nyingine huchukua taarifa hiyo kutoka kwenye simu iliyounganishwa nayo. Izimwe kabla kamera haijatoka ofisini. Kwa sababu iyo hiyo hatushauri lenzi ndefu ya 70-300 iwe ya kwanza kununuliwa. Inarahisisha mno kumpiga mtu picha bila yeye kujua. Lenzi fupi inakulazimisha usogee, umwamkie kwa Kisukuma, umweleze picha inakwenda wapi, naye apate nafasi ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo idhini ya mzazi iwe ya maandishi. Picha ya mikono ikishona, au ya mtoto kwa nyuma akielekea shule, inaeleza mradi vya kutosha. Tunawaomba msituombe zaidi ya hapo.

Hesabu

Tuseme kamati ina shilingi 1,500,000. Sisi tungegawa hivi: bodi iliyotumika pamoja na lenzi yake ya boksi, isizidi 800,000, lenzi ya pili ya mwanga, 300,000, betri ya pili, kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa, begi linalofungwa kwa zipu na kipulizio, 200,000, na 200,000 zibaki kwa mafunzo na usafishaji. Bei za madukani hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo ulizeni maduka matatu. Kinachotakiwa kubaki ni mgawanyo. Kama fedha hazitoshi, shusheni bodi, msishushe lenzi.

Mkikuta iliyotumika, pigeni picha ya ukuta mweupe kwa f/16 na kuikuza, madoa yataonekana. Tazameni lenzi mkiielekeza dirishani kuona kama ina ukungu ndani. Ulizeni shata imefunguka mara ngapi. Kwa Nikon idadi hiyo imo ndani ya faili la picha na fundi yeyote wa kompyuta ataisoma. Kadi za kumbukumbu bandia ni nyingi, jazeni kadi hadi mwisho kabla ya kuiamini. Na dai risiti ya EFD, Ndugu Mhazini, maana mkaguzi hataelewa lugha nyingine.

Kamati tuliyoirudishia ombi imeleta jipya wiki iliyopita. Wameungana na parokia jirani kununua D5300 moja iliyotumika pamoja na lenzi ya 35, na wameambatisha nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari la kuazimia, wenye safu ya jina, tarehe, na hali ya betri wakati wa kurudisha. Ombi hilo tumelipitisha.