Mkate uliolala: upi wale kuku, upi utupwe?

Vijana wenzangu wafugaji, wengi mnaniuliza kuhusu mikate iliyolala mnayopata kwa bei poa Kariakoo.

Mkate mkavu hauna neno. Nyumbani uchovye kwenye yai na maziwa, kaanga, watoto wanywee chai. Unaobaki anika, saga, changanya kwenye chakula cha kuku, kilo 1 katika kila kilo 10. Usizidishe. Mkate una protini kama asilimia 9 tu, kuku wa mayai anataka kama 16. Ukizidisha, trei zitapungua.

Wenye ukungu ni habari nyingine. Usikate upande wa kijani ukatumia uliobaki, maana kuvu hupenya ndani usikoona. Baadhi ya kuvu huacha sumu, na sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Kuku huharibika ini. Ng'ombe huipitisha kwenye maziwa.

Kwa joto la Dar, kagua kila mfuko kabla ya kulipa, kisha anika siku hiyohiyo. Wenye ukungu upeleke shimo la mboji, kuku wasifike. Rahisi isikuponze.