Je, Wajua? Paka Akibadilika Ghafla, Huenda Anaumwa

Paka huficha maumivu. Mnyama mdogo anayeonyesha unyonge porini huwa windo, na paka wa nyumbani hajaiacha hulka hiyo. Dalili ya kwanza ya ugonjwa basi mara nyingi si kilio bali mwenendo: mpole anaparura akiguswa kiuno, mcheshi anahamia uvunguni.

Kukojoa ovyo huitwa ukorofi, kumbe huenda ni kibofu. Dume anayechuchumaa kila mara, akajikamua na kutoa matone machache au asitoe kitu, yamkini mrija wake wa mkojo umeziba. Potasiamu hupanda katika damu, na anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Huyo hasubiri kesho. Majike hupatwa mara chache kwa kuwa mrija wao ni mpana zaidi.

Paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, anayelia usiku na kula sana huku akikonda, hushukiwa tezi ya shingoni iliyozidisha kazi.

Ugomvi wa ghafla kati ya paka waliozoeana huweza kuwa na sababu nyepesi zaidi: mmoja amerudi kutoka kwa daktari akinuka dawa, na mwenzake, anayetambua kwa pua, anamwona mgeni.

Kichaa cha mbwa nacho huwapata paka. Asiyechanjwa akiuma bila kuchokozwa huku akidondosha udenda, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.